Foleni ya Ujumbe kwenye Cherehani

Simu ya fundi cherehani ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, siku ile ile aliyokufa mdogo wake. Aliitoa, akaifuta kwa kipande cha flana, akaifukia kwenye bakuli la mchele. Haikuwaka. Saa tano alikuja mtu kwa miguu kumwambia kwamba lifti ya mizigo ya kiwanda cha sabuni imekatika kamba, na mdogo wake alikuwa ndani.

Wiki tatu baadaye akafungua duka. Nguo ya kwanza ilikuwa suruali ya mwalimu, ya kupunguzwa urefu. Fundi alikanyaga cherehani kama kawaida. Sindano ikafuata mstari wa chaki kidogo, ikauacha, ikapanda gotini na kuanza kuandika kwa uzi wa kijivu: *Umeamkaje mwanangu? Kunywa maji ya moto kabla ya kitu chochote. Ni mimi shangazi yako. Saa 2:01.*

Mwalimu alipokuja kuichukua, aliinama akausoma mguu wote.

"Shangazi ana mwandiko mzuri."

"Simu yangu imekufa, mwalimu. Meseji zinaingia huku."

"Mwambie mimi nakunywa ya uvuguvugu. Ya moto yananikereketa." Akaivaa pale pale, akaenda kufundisha.

Tangu hapo hapakuwa na utulivu. Picha zilipokelewa na pasi. Shangazi alikuwa ametuma paka wake aliyelala, na paka huyo akatokea mgongoni mwa shati jeupe, rangi ya chai ya maziwa, masharubu yote yakihesabika. Simu ambazo fundi hakuzipokea ziliingia kwa kinyozi wa mlango wa pili, kwenye mashine yake ya kunyolea, ikaandika kisogoni mwa mteja: *Umepigiwa mara tatu.* Mteja alijitazama kwa kioo cha mkono, akalalamika kwamba maandishi yamelalia kushoto. Kinyozi akayasogeza katikati. Mama mmoja alirudisha gauni lake kwa sababu lilishonwa likatoka tupu, halina hata salamu. Fundi akampa ujumbe wa shangazi kuhusu kusukutua koo kwa maji ya chumvi, ukazunguka kola mara mbili, na mama akaondoka akijitazama kwenye kila dirisha la mtaa.

Fundi mwenyewe alikuwa akitazama saa zilizoshonwa mwishoni mwa kila ujumbe. Jumbe zilikuja kwa foleni, kwa mpangilio uleule zilivyotumwa siku ile, na kwenye foleni hiyo alijua kuna moja ya mdogo wake.

Alijua kwa sababu mdogo wake alikuwa na ulimi mkali, na kalamu yake ilikuwa kali zaidi. Mwaka mmoja nyuma aliwahi kumwandikia meneja wa kiwanda maneno yaliyomsimamisha kazi siku kumi. Tangu hapo hakutuma chochote kwa wakubwa kabla hakijapita kwa dada yake kupunguzwa ukali. Fundi alipunguza, akarudisha, naye akatuma. Sasa pale kwenye geti la kiwanda palikuwa na bango lililosema kwamba marehemu hakutoa taarifa ya maandishi kuhusu lifti, kwa hiyo ajali ilitokana na uzembe wake. Mama yao alikuwa akipita hapo kila siku kwenda sokoni. Siku hizi alizunguka njia ya mbali.

"Huyo shangazi alituma ngapi asubuhi hiyo?" aliuliza kinyozi.

"Mpaka saa tatu, kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Hana kazi?"

"Hiyo ndiyo kazi yake."

"Na marehemu alikuwa anaandika saa ngapi?"

"Akishafika kazini. Saa tatu hivi."

"Basi kanyaga, dada. Kanyaga tumpite shangazi."

Akakanyaga. Zikapita dawa ya mafua, ndoto ya shangazi, maelezo ya ndoto ya shangazi, na paka tena. Alhamisi alikuwa kwenye ovaroli za kiwanda cha sabuni, oda ya nguo thelathini na moja iliyowekwa kabla ya ajali, na ndipo sindano ikabadilisha mwandiko. Herufi zilisimama wima mgongoni, zimekandamizwa:

*Bosi, hii ni mara ya nne. Kamba ya lifti imeanza kukatika, nimekuonyesha kwa kidole, ukasema nisikupigie domo, niandike. Haya, nimeandika. Wewe hupandi, unapita ngazi. Sisi unatuona magunia? Dada, punguza ukali unirudishie nimtumie. Saa 3:04.*

Fundi alichukua wembe wa kufumulia. Alifumua neno *magunia*, akalitazama likiwa uzi, akalirudishia. Kisha akafumua maneno ya mwisho tu, yale aliyoandikiwa yeye, akayatia mfukoni. Cherehani ikaurudia ujumbe kwenye ovaroli zote zilizobaki bila kukosea.

Meneja alikuja na gari siku ya Jumamosi. Alisoma mgongo mmoja, akavuta mshono kwa vidole viwili.

"Kazi imenyooka, fundi. Lugha ina ukali kidogo."

"Ni ya kwake hiyo."

"Sawa. Taarifa tumeipokea. Ila utaratibu unataka taarifa kabla ya ajali, na hii imekuja baada. Bango litabaki." Akainua ovaroli ya mwisho. "Hii ipunguze miguu. Aliyeshika nafasi yake ni mfupi."

Fundi akaipunguza. Meneja akatia sahihi kwenye kitabu cha kupokelea mzigo.

Jumatatu wafanyakazi walizivaa, zikawakaa vizuri. Walijipanga mbele ya lifti, kila mmoja akisoma mgongo wa aliye mbele yake, wakaingia. Kamba ilikuwa ile ile, imefungwa fundo pale ilipokatikia. Meneja alipita ngazi.

Mchana huo fundi alikuwa akishona pazia la mwalimu, mita nne, rangi ya maziwa. Sindano ikasimama, ikaandika kwa herufi za kukandamizwa: *Dada, umeshapunguza? Mimi nipo, nasubiri.*

Fundi alikigeuza kitambaa, akashona chini yake kwa mkono wake mwenyewe: *Sikupunguza. Nimeutuma hivyo hivyo.*

Akanywa nusu kikombe cha chai. Kisha gurudumu likaanza kuzunguka bila mguu wa mtu, na pindo la pazia likajaa *ha ha ha ha ha* mwanzo hadi mwisho, likakata kona, likarudi kwa upande wa pili, mpaka uzi ukaisha.

Fundi akaweka uzi mwingine.