Rangi za Ummkulthum

Kwa mara nyingine asubuhi ile Munir aliigeuza bahari ya Jambiani ikawa rangi asiyoijua. Alisogeza kipanya kushoto, maji yakabadilika. Akakisogeza kulia, yakabadilika tena. Na kwa macho yake mabadiliko yote mawili yalikuwa kijivu kilichohama kidogo. Nyumba ya Mkunazini ilikuwa kimya. Kiti cha pili mbele ya kompyuta kilikuwa kitupu, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake.

Binti yake, Mayasa, aliyeolewa Maskati, alikuwa anahamia nyumba mpya. "Nataka picha moja mpya, kubwa, ya kwao mama, niitundike ukumbini," alimwambia kwa simu. "Lakini iwe na zile rangi zako, baba." Rangi zake! Munir aliitikia kwa bashasha, akakata simu, akabaki ameinamisha kichwa. Rangi alizitoa wapi yeye?

Macho yake hayakupata kutofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Utotoni, kule Kizimbani alikokuwa babake kibarua, alipandishwa mkarafuu akashusha pakacha zima la karafuu changa, zile zinazotakiwa kuachwa mtini mpaka zianze wekundu. Babake akamwambia mbele ya wachumaji wote kwamba ana macho ya mapambo. Watu wakacheka, na kicheko kile hakikumtoka masikioni. Toka hapo akajifunza kujificha: bandarini alichagua kazi ya makaratasi, mwilini alivaa mashati meupe, na sokoni alinunua nyanya kwa kuziminya.

Aliyemgundua ni mkewe, Ummkulthum. Siku za mwanzo za ndoa Munir alimsifia kanga yake ya kijani, kumbe ni nyekundu ya kuwaka. Ummkulthum hakucheka. Alimtazama, akaelewa, na siri ile akaifungia ndani.

Hata Munir alipoingiwa na mapenzi ya kupiga picha, hakuhitaji rangi ili apende. Alipenda vivuli vya minazi vilivyolala mchangani, safu za vigingi vya mwani maji yakipwa, na jinsi wingu linavyoligawa jua vipande vipande juu ya mashamba. Kila Ijumaa baada ya sala alipanda vespa yake akaifuata nuru popote ilipo. Akirudi, Ummkulthum hukaa kwenye kiti cha pili, bega kwa bega naye, akashika kipanya na kuzitia picha rangi. "Wewe ushapiga," husema, "sasa niachie mimi nipike." Watu walizisifu sana picha hizo, na Munir akadhani Mayasa naye anaamini kwamba babake ana jicho la ajabu. Kisha maradhi yakamchukua Ummkulthum, na hakuna picha nyingine iliyotoka katika nyumba ile.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Munir aliizima kompyuta, akaitia mkobani pamoja na kamera, akawasha vespa kuelekea Jambiani.

Alifika maji yamekupwa. Alitembea mpaka kwenye mashamba ya mwani, akapiga magoti katika matope, na kwa kitambo akasahau kila kitu. Vigingi vilikuwa vimesimama juu ya vivuli vyao, na maji kidogo yaliyobaki yalikuwa yanalichezea jua. Alipiga, akasogea, akapiga tena, moyo umemchangamka kama zamani. Akageuka kumuuliza mkewe, kana kwamba yupo kwenye kiti chake cha pili, "Leo maji yakoje?" Nyuma yake kulikuwa na pwani tupu na nyayo zake mwenyewe. Upweke ulimshika pale pale, akanyanyuka akaenda nyumbani kwao mkewe.

Bi Thuwaiba, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa uani anaanika mwani.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba."

"Marahaba, shemeji. Umetutupa. Tangu arubaini ya Ummu hatujakuona."

Ilikuwa kweli. Alikaa juu ya mkeka, akafungua kompyuta, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, macho yangu hayaoni rangi sawasawa. Sijapata kumwambia mtu. Picha zote hizi alikuwa akizitia rangi Ummu. Nataka unisaidie, hii ya leo ifanane na zile zake."

Bi Thuwaiba hakushangaa, au kama alishangaa alijua kuficha. Alifuta mikono kwa kanga yake, akajongea, akaitazama picha ya zamani. Akataka nyingine. Akataka nyingine tena.

"Zote katia rangi yeye?"

"Zote."

"Basi si bahari ya siku zote hii," alisema. "Rangi hii huja wakati wa maleleji, kati ya kusi na kaskazi, asubuhi, upepo umekufa na maji ndiyo kwanza yanajaa. Mara moja moja kwa mwaka, na mwaka mwengine haiji kabisa. Utotoni tukiamshana kwenda kuitazama, na Ummu ndiye alokuwa wa mwanzo kutoka mlangoni." Alinyoosha kidole. "Hii umeipiga wakati wa mvua, yaone mawingu. Lakini maji kayatia rangi ile ile. Na hii. Na hii. Mdogo wangu alikuwa akipatamani kwao, shemeji."

Munir aliziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, ya leo na ya zamani, akatafuta tofauti. Hakuiona. Alikumbuka alivyokuwa akimuuliza mkewe, "Hupakumbuki kwenu?" naye humjibu, "Kwetu ni kwako." Kwa vile hakulalamika hata siku moja, Munir alihesabu kwamba ameridhika. Machozi yalimtoka mbele ya shemejiye, wala hakuyafuta.

Baadaye alishuka tena pwani, akampigia simu Mayasa. Alimweleza yote, kuanzia macho yake.

"Hilo la macho nnalijua, baba," alisema Mayasa taratibu. "Nalijua tangu mdogo. Mama alinikataza kukwambia."

Kisha Munir akamweleza habari ya maleleji.

"Basi niletee moja katika zile za mama," Mayasa alisema, sauti imemlegea. "Miaka yote hiyo, baba. Mbona hakusema?"

Munir alikuwa na jibu lake la siku zote, kwamba mama yako alikuwa mvumilivu. Lilifika ulimini, akalirudisha.

"Alisema, mwanangu," alijibu. "Mimi ndiye sikuona."

Maji yalikuwa yanajaa. Wanawake walikuwa wanarudi kutoka mashambani mwao na magunia ya mwani vichwani, na Munir alisogea kuwapisha, simu ingali sikioni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuikata.