Ukuta wa Chumba cha Dereva

Mkaguzi alivua hereni ya kulia, akaitia mfukoni, akabandika sikio kwenye ukuta wa chumba cha mwanamke aliyeomba kazi ya kuendesha basi la shule. Mwenye chumba alikuwa ametoka. Mama mwenye nyumba alimwekea mgeni kigoda kwenye korido, kama alivyowawekea wakaguzi wa kampuni nyingine, akarudi uani kufua.

Watu husema kuta zina masikio. Zina mdomo pia, ila huo haujapata methali. Zamani mkaguzi aliwauliza majirani na waajiri waliotangulia, mpaka utingo mmoja alipoishtaki kampuni ya mabasi kwa kuchimbua maradhi yake bila idhini, akashinda. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wakili wa kampuni aliisoma sheria upya, mwanzo hadi mwisho, akatangaza kwamba inakataza kuuliza watu. Kuhusu kuta haikusema kitu.

Ukuta ulikuwa baridi, isipokuwa pale ulipokuwa ukisemea, ambapo palikuwa na uvuguvugu wa pumzi. Ulisema kwa sauti ya kike, ya chini. Ulieleza habari za mwanamke anayeanguka alfajiri, taya zikikaza, povu likimtoka, kisha anaamka hajui alipo. Halafu ukatoa kishindo cha kichwa kikigonga sakafu. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho, akapangusa unyevu shavuni kwa leso, akaenda zake ofisini.

"Ana kifafa," alimwambia meneja.

Mwombaji akaambiwa nafasi imejaa.

Siku chache baadaye alikuja mwenyewe mapokezini, amevaa blauzi iliyopigwa pasi vizuri, akamkuta mkaguzi.

"Dada yangu, mtihani wa barabarani nimeupita bila kosa hata moja," alisema. "Kama kuna mtu kanisema, niambieni kasema nini, na mimi nijitetee. Wanangu wako kwa bibi yao. Nimewaahidi nikipata kazi hii nakwenda kuwachukua."

Mkaguzi alishusha sauti. "Pale unapokaa ulihamia lini?"

"Juzijuzi tu. Wa kabla yangu alikuwa akianguka kifafa, maskini. Kaka yake ndiye aliyekuja kumchukua."

Mkaguzi aliona haya hadi shingo ikapata moto. Kuta hazijui kutofautisha wapangaji. Ni kama mtungi uliowahi kutiwa mafuta ya taa: tia maji safi upendavyo, yatanuka mafuta. Yeye alilijua hilo tangu zamani, na bado hakuuliza.

Alipanda ghorofani akamweleza meneja kwamba wamemkosea mtu. Meneja akamwita wakili.

"Tukirekebisha, tutaulizwa tulikosea wapi," wakili alisema. "Tutajibu nini? Kwamba tuliuliza maradhi ya mtu kwa ukuta?"

"Na tusiporekebisha?"

"Nafasi imejaa. Sijasikia kampuni iliyoshtakiwa kwa nafasi kujaa."

"Funika kombe mwanaharamu apite," meneja alimalizia, ingawa basi lilikuwa limesimama pale uani bila dereva, na wazazi walikuwa wakipiga simu kulalamika.

Mwezi ulipokwisha nafasi ilitangazwa tena, na yule mwanamke akaomba tena. Safari hii meneja alitaka kutenda haki. Alimtuma mkaguzi arudi kulekule, lakini aulize habari za huyu tu.

Mkaguzi alikwenda na moyo mweupe. Hii ndiyo nafasi ya kumsafisha dada wa watu, alijiambia. Alikaa kwenye kigoda, akaegemeza kichwa, akaunong'oneza ukuta kwa adabu, "Usinipe ya yule wa kwanza. Nipe ya huyu."

Kisha uvuguvugu ukaja, chini zaidi kuliko mara ya kwanza, karibu na sakafu, ikabidi apige magoti. Sauti ilikuwa ya dereva mwenyewe. Ilizungumza na watoto kwenye simu, ikicheka, ikiwaambia wiki ijayo, wiki ijayo. Simu ilipokatika ikalia. Ikatembea chumbani mpaka kukicha, ikijiuliza amefanya nini, nani kamsema, kasema nini. Kila ilipofika ukutani iligonga paji la uso, na kila pigo mkaguzi alilisikia kwenye shavu lake.

"Haanguki," alimwambia meneja. "Ni mzima kabisa. Ila halali. Analia, na anaongea peke yake."

"Analia nini?"

"Sisi."

Meneja aliwafikiria watoto wa watu ndani ya basi. Akasema kwa huruma ya kweli kwamba mtu asiyelala hawezi kukabidhiwa usukani.

Wakili aliipitia taarifa na kuridhika. Safari hii, alisema, hakuna kosa lolote: kila neno linamhusu mwombaji mwenyewe.