Betri za Bosibori

Watu wa Mbita walinicheka kwa kuanika betri za redio juu ya bati ili zipate nguvu tena. Acha wacheke. Mimi Bosibori, mchuuzi wa vitunguu, siwezi kukosa kwaya ya Sabato kwa sababu ya betri.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Mfangano kwa mashua ya tanga, mvua ikafunika ziwa hata kisiwa cha Rusinga hakionekani. Nahodha Levis alikuwa na vifaa viwili vya kuonyesha njia kwa setilaiti, alivyoachiwa na watafiti wa samaki. Cha kwanza kikaingia maji, kikazima. Akatoa cha akiba mkebeni. Hakina betri! Alikuwa amezihamishia kwenye tochi yake, na tochi imebaki nyumbani.

"Levis, akiba gani hiyo?" nilifoka, huku nikifungua redio yangu. Nikaziuma betri zote nne, moja moja, ili zitoe nguvu iliyobaki, nikampa. Kioo kikawaka hafifu, mshale ukatuongoza mpaka tukagusa mchanga wa Mbita. Abiria walinikumbatia. Mimi nilimshukuru Mungu kwa jua.

Kesho yake Levis aliniletea betri mpya, machozi yakimlengalenga.

"Asante, mwanangu," nikamwambia. "Hizo zitie kwenye kifaa chako cha akiba, na zikae humo. Zangu nirudishie, nikazianike."