Karanga Zilizomezwa Nzima

Kila asubuhi Bibi alikula konzi ya karanga, na kila Jumamosi mzani ulirudia neno lile lile: kilo arobaini na mbili. Mjukuu wake, aliyeandika namba hizo kwenye kalenda ya ukutani, alianza kuuchukia mzani kama mtu.

Homa ya mapafu ilikuwa imemwacha Bibi ngozi na mifupa. Muuguzi alisema ale vyakula vya mafuta. Mjomba akaongeza lake: mwezi ukiisha bila hata kilo moja kupanda, mama yake afunge chumba chake cha kushonea na cherehani, ahamie kwake.

"Kwake televisheni inaongea kuliko watu," Bibi alisema. Alikuwa ameshona kwenye chumba hicho miaka thelathini.

Mjukuu alikuwa ametoka chuo juzijuzi, akapata kazi kwenye maabara ya chakula. Huko watu walitafuna karanga, na walipofikia kumeza, wakatema kikombeni. Yeye alizipitisha chenga zao kwenye chekeche tatu, kisha akapima meno yametoa mafuta kiasi gani. Siku moja mtafunaji mmoja hakutokea, mjukuu akamwomba Bibi ashike nafasi yake.

"Kumbe nilikusomesha ili uje kunitazama nikitafuna," Bibi alisema, lakini alivaa mtandio wake mzuri.

Maabarani alipewa karanga saba. Akatafuna, akameza, akafuta mdomo.

"Bibi, ulitakiwa uteme."

"Niteme chakula mbele ya mkubwa wako? Akuulize umelelewa wapi?"

Msimamizi, mama mmoja mrefu mwenye koti jeupe, alijiuma mdomo asicheke. Akaleta karanga nyingine saba, akageuza kiti cha Bibi kielekee ukutani, kisha yeye na mjukuu wakampa mgongo.

"Tayari," Bibi alisema. "Msiangalie."

Lakini kuangalia ndiyo ilikuwa kazi. Karibu zote zilibaki kwenye chekeche ya juu, yenye matundu makubwa: vipande vinene, vingine bado vina ganda jembamba. Kwenye hadubini kila kipande kilikuwa vijumba vilivyobanana, na mafuta yamefungiwa ndani. Vilivyofunguka ni vile vya ukingoni tu, meno yalikopita.

"Mengi yamebaki humo humo," msimamizi alisema taratibu. "Akimeza hivi, yanaingia mlango huu na kutokea ule."

Mjukuu alikumbuka zile konzi zote, asubuhi moja baada ya nyingine.

Jioni alimuuliza, "Meno yanakuuma tangu lini?"

Bibi alitunga uzi kwenye sindano kwanza. "Tangu ile homa. Ningesema, mjomba wako angepata sababu ya pili."

"Jumatatu twende kwa daktari wa meno. Kwa sasa tuzisage."

"Mimi si mtoto wa kulishwa uji."

Mjukuu alibana mashine ya mkono ya kusagia kwenye ukingo wa meza ya cherehani, akaanza kuzungusha mpini. Bibi alivumilia mizunguko mitatu.

"Unazungusha kama unaogopa kuiamsha. Hebu sogea."

Mara ya kwanza karanga zilitoka chengachenga. Mara ya pili ziling'aa. Mara ya tatu zikawa laini kabisa, na mafuta yakaelea juu ya bakuli. Bibi aliyatazama kitambo.

"Yote haya yalikuwa humu?" Akalamba kijiko, kisha akakirudisha bakulini.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Mjomba alifika na maboksi mawili ya kuhamia. Mzani ulisema arobaini na tatu na nusu. Akainama, akausoma tena.

"Mama, una nini mfukoni?"

"Mkasi. Shika."

Mshale ulirudi nyuma kidogo, ukasimama arobaini na tatu na robo. Mjomba alikaa juu ya boksi, akaomba mkate, akaupaka karanga zile zilizosagwa, akala. Halafu akapaka wa pili.

"Hayo maboksi usiondoke nayo," Bibi alisema, akivuta kiti kwenye cherehani. "Nina vitambaa vya kupanga."