Kikaguzi cha Shemeji

Shemeji aliingia ulimi umeshanolewa.

"Msimbo wako umeikaba mashine, mke wa mdogo wangu. Saa nane naufuta, na wewe utafute pa kwenda."

Wenzao wote waliinamia kibodi zao kana kwamba wanatafuta chawa. Shemeji ndiye mkuu wa kitengo. Akisema toka, unatoka.

Mke wa mdogo wake aliufungua tena msimbo wake. Kazi yenyewe haikuwa uchawi. Kumbukumbu ya kompyuta imekatwa vipande viitwavyo kurasa. Programu ikigusa ukurasa, alama yake inawaka. Msimbo wake, maagizo aliyoiandikia kompyuta, ulipita ukizizima alama. Ukirudi, ukurasa ambao haujawaka tena ulihamishiwa diski, zenye shughuli zipate nafasi. Kwenye kompyuta yake ulihamisha vizuri tu. Kwenye mashine ya majaribio, aliyoisimamia Shemeji, haukuhamisha hata mmoja.

"Kwangu unafanya kazi."

"Jogoo wa shamba hawiki mjini, shem. Tazama!"

Alitazama. Kurasa zote zilikuwa zimewaka, hata za programu iliyolala tangu asubuhi. Hapo ndipo alipomgeukia Shemeji.

"Unajuaje zipi zimewaka?"

"Nina kikaguzi changu. Kila baada ya muda mfupi kinafungua kila ukurasa, kinausoma, kinaniletea hali yake. Mimi sibahatishi."

"Kinausoma? Kila mmoja?"

"Na uziwi umeanza lini?"

"Basi ndicho kinachoziwasha! Kusoma ni kugusa. Unamwamsha mtu kila mara kumuuliza kama amelala, halafu unanigombeza mimi kwamba hapati usingizi."

Mwenzao mmoja alicheka, akawahi kukigeuza kicheko kikohozi. Shemeji hakuhangaika naye.

"Usinifundishe kazi niliyokuombea mimi."

"Uliniombea, hukunifanyia. Kizime."

"Sizimi."

Mke wa mdogo wake alinyoosha mkono juu ya mkono wa Shemeji, akakizima mwenyewe. Mwanzoni hakuna kilichobadilika, na Shemeji akaanza kutabasamu. Kisha ukurasa mmoja ukahamia diski. Wa pili. Halafu kundi zima, na feni ya mashine, iliyokuwa ikinguruma tangu asubuhi, ikashusha sauti.

Shemeji aliitazama skrini kama mtu aliyetemewa mate.

"Msimbo ubaki," alisema, akivuta koti lake. "Ila Jumapili mkija kwa mama, usikae meza yangu."

"Tunamfuata mama, shem. Sura yako naiona bure huku kazini."