Kochi la Bi Khadija

Bi Khadija mimi simsamehi, na nasema hadharani. Anayetaka kusema nina chuki na aseme.

Dada yangu Mize ana binti mmoja tu, Mwanasiti. Baba yake alikufa mtoto akiwa mchanga, Mize akamlea kwa kuokota chaza na kuanika mwani hapa hapa Tongoni mpaka vidole vikampinda. Binti akafaulu kidato cha sita kuwashinda wote shuleni kwake. Basi chuo kimoja kikaleta mradi wa kusomesha watoto wa maskini, kila kijiji mtoto mmoja, anagharimiwa mpaka avae joho. Mwanasiti akaomba. Akikosa hapo, chuo atakisikia kwa wenzake. Akajibiwa kwamba Jumamosi wageni wawili watafika nyumbani kuona hali.

Kuona hali! Sisi huku mgeni haji kuona hali. Mgeni akija anatandikiwa, anapikiwa, na kama huna unaazima. Hata posa yangu mimi ilipokelewa kwenye viti vya watu, na wakwe mpaka leo hawajui.

Bi Khadija ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Mumewe ana biashara zake Mombasa, nyumba imejaa kila kitu. Jumamosi asubuhi akaingia kwa Mize bila kuitwa, mikono kiunoni.

"Shoga, wageni wa chuo utawakalisha kwenye mkeka huu uliotoboka? Watasema binti kaokotwa jalalani. Wallahi sikubali."

Akaita vijana. Likaja kochi, likaja zulia, ikaja televisheni, likaja friji, na mapazia ya maua. Hata kuku wa pilau walitoka kwake. Mkeka mbovu akaukunja mwenyewe, akaondoka nao, ati usituzibie njia. Mize alilia kwa furaha. Mimi nikawasha moto nikapika, huku nikimuombea Khadija dua.

Mwanasiti peke yake ndiye hakufurahi.

"Mama, hawa wanakuja kuangalia kama kweli hatuna. Waache waone nyumba ilivyo."

"Nimuonyeshe mgeni paa linalovuja? Si bora nimvulie nguo kabisa?" Mize akafoka. "Umesoma mpaka umesahau haya!"

Binti akapanda kwenye kigoda kutundika mapazia.

Wageni wakafika, Bwana Castory na Bi Kristina, watu wa bara, wapole. Wakazama kwenye kochi. Castory alipakua pilau, akaongeza, akaongeza tena, akasema tangu aje Tanga hajala kama hivi. Alipomaliza kunawa akachukua kishikwambi chake.

"Mama, vitu hivi vyote ni vyenu?"

Mwanasiti akafungua mdomo. Mama yake akamtupia jicho. Utamwambiaje mgeni kwamba kochi alilokalia ni la kuazima? Si atasimama?

"Ni vyetu, baba. Karibuni sana."

"Mmejitahidi," akasema Castory, huku kidole kikigusa kioo.

Walipoaga, nikajaza sinia la pilau nimpelekee Khadija shukrani zetu. Nikapitia uani. Sebuleni kwake nikawakuta wale wale wageni, wamesimama, maana hapakuwa na pa kukaa. Nyumba nyeupe, haina kitu. Khadija yuko chini na khanga iliyopauka, na pembeni yake mwanawe Luqmani, yule tuliyeambiwa anamfuata baba yake Mombasa. Kumbe naye kaomba! Na walichokalia ni mkeka wa dada yangu.

"Baba yake katuacha hivi mnavyotuona," Khadija alikuwa akisema, na machozi ya kweli yanamtoka. "Hata nyumba yenyewe ni ya urithi, nduguze wanaidai."

Nikalibwaga sinia. "Mwongo mkubwa wewe! Kochi walilokalia kule ni la nani?"

"Mumsamehe," Khadija akawaambia taratibu. "Ni mama mdogo wake Mwanasiti. Ana uchungu na mtoto wake."

Kelele zangu zikaleta majirani, na Mize akaja mbio. Bi Kristina akamuuliza tena mbele ya watu, vile vitu ni vyake? Mize akaziba mdomo kwa pembe ya khanga.

"Si vyangu," akasema. "Sina hata kiti."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikadhani yamekwisha.

"Kwa hiyo ulitudanganya," akasema Castory.

"Sikuwadanganya, baba. Niliwaheshimu."

"Mama, mradi hauchukui familia inayosema uongo."

"Na huyu?" nikapiga kelele. "Waulizeni majirani vitu ni vya nani!"

Castory akawageukia. Vijana waliobeba friji walikuwepo. Wake za watu waliotuona tukipanga zulia walikuwepo. Wote wakatazama miguu yao, maana hakuna harusi ya mtaa ule iliyopikwa bila masufuria ya Khadija, wala maiti aliyezikwa bila turubai lake. Nikawalaani mmoja mmoja kwa jina.

"Kwa huyu hatukuona kitu," akasema Castory, na akatoka. Bi Kristina aliniangalia kama anayetaka kusema jambo, kisha akamfuata.

Jioni tulirudisha vitu. Mwanasiti alishika upande mmoja wa kochi, mimi mwingine. Khadija alisimama mlangoni.

"Taratibu, msinichubulie miguu yake."

Nafasi akapewa Luqmani, akaondoka kwenda chuo na sanduku jipya. Wiki haikuisha, Khadija akaja kwa Mize, na mkeka wetu kwapani, umekunjwa vizuri. Nikasema moyoni, leo dada yangu atamtemea mate. Mize akaupokea mkeka, akautandika, akamkaribisha juu yake, akamletea maji ya kunywa.

"Nyumba imekuwa kubwa, shoga," Khadija akasema. "Na huyu Mwanasiti yupo tu. Aje anisaidie kufua na kufagia, sitamwacha bure."

Mgeni akiwa ameketi kwako hanyimwi. Mize alitazama ukutani, pale palipokuwa na televisheni.

"Atakuja," akasema.

Mwanasiti alikuwa kizingitini anasikia yote. Alimwamkia Bi Khadija shikamoo, kisha akamuuliza aje saa ngapi.