Mahindi Kwenye Ofisi ya Maziwa

Jebet alikuwa amehamisha mashine kumi bila jasho. Ya kumi na moja ndiyo iliyomkwama kooni.

Mashine zenyewe hazikuwa za kushikwa kwa mkono. Ushirika wa maziwa alikoajiriwa, hapo Eldoret, ulikuwa na seva moja kubwa kwenye chumba cha nyuma. Ndani ya chuma hicho kimoja ziliishi mashine kumi na moja, kila moja ikijiona iko peke yake duniani, kama wapangaji wa ploti wasiosalimiana. Moja ilishika mishahara, nyingine uzito wa maziwa, nyingine barua pepe. Sasa chuma kilikuwa kimezeeka, na meneja, Bwana Wahome, alikuwa ameamua wapangaji wote wahamie kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni ya mbali zinazokodishwa kwa mwezi. Ijumaa jioni fundi angekuja kufuta diski zote, na ambacho hakijahama kingekuwa kimekufa.

Hiyo ya kumi na moja iliitwa Jioni. Basi, jina tu. Iliundwa na Shitanda, fundi aliyemtangulia Jebet, ambaye aliondoka kwenda Qatar kutafuta maisha akiwa na neno la siri kichwani mwake. Jebet alipopiga namba yake ya zamani, ilipokewa na mama mmoja wa Busia muuza samaki wadogo, omena, aliyemwambia kwa upole kwamba watu wengi wanamtafuta huyo Shitanda na kama anataka omena aseme. Kitu pekee ambacho Jebet aliweza kukiona kutoka nje ni kwamba kila siku mwendo wa saa kumi jioni mashine ile iliamka, ikatuma kitu kupitia intaneti, kisha ikalala.

"Naweza kuihamisha hivyo tu imefungwa," alimwambia Wahome. "Kama sanduku."

"Nilipie sanduku kila mwezi na sijui iko na nini ndani? Hapana, madam. Zima uone nani atapiga kelele."

Msimcheke Wahome. Hiyo ni kanuni ya mafundi wa kompyuta kila mahali. Ukikuta mashine isiyo na mwenyewe, izime, ukae karibu na simu. Mwenye nayo atalia. Asipolia mtu, ifute. Ni kanuni nzuri sana, mradi tu watu wako wawe ni watu wa kulia.

Basi Jebet akaizima, akangoja. Wiki ya kwanza ikapita, simu za ofisini zikalia kwa mambo ya kawaida, wengine wakiuliza chakula cha ng'ombe, wengine wakitaka mkopo wa karo. Hakuna aliyeulizia Jioni. Wiki ya pili ikaanza vilevile.

"Umeona?" Wahome alisema. "Kimya ni jibu."

Waliotuzaa walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini walisema kabla ya seva, na Wahome hakuwa na muda wao. Hata Jebet alianza kuamini. Usiku alilala vizuri, na mchana alikula mahindi.

Mahindi hayo tuyaeleze. Ilikuwa Agosti, mahindi mabichi yamefikia kuchemshwa, na katika hizo wiki mbili alikuwa amekuja mapokezi mzee mmoja kutoka Chepsaita, mara mbili. Alivaa koti la suti juu ya gambuti zenye tope na kofia ya sufu. Nangila wa mapokezi alipomuuliza amekuja kwa shida gani, mzee alisema hana shida, amepita tu kuwasalimia. Nangila akampa chai. Mzee akanywa, akakaa, akatazama watu wakipita, akaacha mfuko wa mahindi kwenye kaunta, akaenda zake. Yalichemshwa hapohapo jikoni mwa ofisi. Jebet alikula matatu mezani pake akitazama skrini, na yalikuwa matamu.

Ijumaa saa tisa, fundi wa kufuta diski alikuwa amekwisha kufika na kukaa kwenye korido na soda yake. Wahome alisubiri neno moja tu kutoka kwa Jebet.

"Jebet," Nangila aliita mlangoni. "Yule mzee wa mahindi ako hapa tena. Na ameleta ingine."

"Anataka nini?"

"Si nimekwambia? Anasalimia. Wewe enda umsalimie basi, mimi nimechoka kusalimiwa."

Jebet alitoka akiwa na haraka. Alimwona mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, mfuko kati ya miguu yake, kofia gotini. Hapo ndipo kitu kilipomgonga. Alikuwa amezaliwa Plateau kwa watu wa ng'ombe, na tangu utotoni alijua kwamba mtu wa maziwa akienda kusalimia hubeba maziwa. Ubebe mahindi kuwapelekea watu wa maziwa kwa nini, kama una ng'ombe? Na ni nani anayetoka Chepsaita na tope lile, mara tatu, kuja kumsalimia karani?

Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Chamgei, Mzee."

"Chamgei mising," mzee aliitikia, akageuza uso kutafuta sauti inatoka wapi. Macho yake yalikuwa na ukungu.

Wakaendelea kwa Kinandi. Jebet alimuuliza jina, akasema ni Kipchumba. Akamuuliza wa kwao, mvua, mahindi yamefanyaje, watoto wako wapi. Bibi yake Jebet alimfundisha kwamba neno la mzee hukaa chini kabisa, na anayetaka kulifikia lazima aondoe kwanza yote yaliyo juu yake, moja moja, bila kuangalia saa. Kwenye korido fundi alikohoa. Wahome alitokeza kichwa, akaonyesha mkono wake wenye saa. Jebet akamwonyesha kiganja, ngoja.

"Na ng'ombe, Mzee?"

"Amebaki mmoja."

"Anakamuliwa?"

"Anakamuliwa vizuri."

"Maziwa mnapeleka wapi?"

"Tunakunywa," akasema. "Yanayobaki, wanapewa mbwa."

Kwao maziwa hayakumwagwa hata yakiharibika, sembuse kupewa mbwa.

"Mbwa, Mzee? Na ushirika?"

"Ushirika mlitukataa. Sina neno." Alisema bila chuki yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mlitukataa kwa heshima, bila kututukana, na mimi nilitaka mjue sikuondoka na hasira. Nimekuwa mwanachama tangu mke wangu akiwa hai. Mtu haondoki hivihivi. Ndiyo nikaja kuwaona. Na kwa sababu maziwa yangu mlikuwa hamyataki tena, nikaleta mahindi."

"Nani alikukataa?"

"Yule mama wa simu. Alikuwa akinipigia kila siku saa kumi jioni, ananiambia kwa lugha yetu, kesho lori litapita saa fulani pale darajani. Mvua ikinyesha lori hubadilisha saa, na vijana wanaandikiana kwenye simu zao, lakini mimi siwezi kusoma. Tuko wengi tusiosoma. Hata Mama Nabalayo wa ng'ambo ya mto, yeye alipigiwa kwa Kibukusu chake. Halafu siku moja yule mama akanyamaza. Nilienda barabarani na mkebe wangu asubuhi nikanyeshewa, lori lilikuwa limepita zamani. Siku ya pili vilevile. Nikakumbuka mwenyekiti alisema kwenye mkutano kwamba sisi wa lita mbili tatu tunachosha lori. Tukaelewa."

"Lakini mbona hamkuuliza?" Jebet alisema, na sauti ilimtoka juu kuliko alivyotaka.

Mzee Kipchumba akamgeukia kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Mtu aliyekuwa akikuita kwake akiacha kukuita, utamwendea umuulize kwa nini?"

Aibu ilimshuka Jebet kutoka kichwani hadi vidoleni. Kwa wiki mbili alikuwa amekaa karibu na simu akingoja kelele, na kelele zilikuwa zimekuja kwa miguu na gambuti, zikakaa kwenye kiti cha plastiki, zikapewa chai. Malalamiko ya wazee wa Chepsaita yalikuwa yamechemshwa kwa chumvi na yeye mwenyewe alikula matatu.

Alikimbia. Wahome alimkuta ameshika kibodi huku fundi akiuliza kama aanze.

"Asianze!" Jebet alisema. "Bosi, mashine inapigia wazee simu. Wale hawasomi WhatsApp. Ndiyo inawaambia lori."

"Nani amesema?"

"Wewe umekula mahindi yake."

Jebet aliiwasha Jioni. Ilichukua muda wake kuamka, na muda huo wote wawili walisimama mbele ya skrini, Wahome akichezea funguo za gari. Kisha wakatoka pamoja hadi mapokezi, wakasimama nyuma ya kaunta ya Nangila kama wanafunzi waliochelewa.

Saa kumi ikagonga. Hakikutokea kitu. Jebet alianza kufikiri labda wiki mbili za kuzimwa zimeiharibu, labda wamechelewa.

Simu ikalia ndani ya koti la suti.

Mzee Kipchumba aliipapasa akaitoa, kabambe kadogo ka vitufe kalikofungwa kwa raba. Kabla ya kupokea aliikaza kofia yake kichwani, akasimama wima. Sauti ya mwanamke ilisikika hadi kaunta, sauti ya karani fulani wa zamani aliyewahi kuombwa na Shitanda asome maneno machache kwa Kinandi, akarekodiwa. Lori kesho, Chepsaita, darajani, saa moja asubuhi. Ikarudia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kongoi," akaishukuru mashine. "Kongoi mising."

Akakaa chini taratibu, simu bado mkononi. Nangila alijifuta macho na kitambaa cha kaunta bila kujali kilikuwa kimefuta nini kabla ya hapo.

Wahome alirudisha funguo mfukoni. "Jebet," akasema. "Beba hiyo sanduku. Nitalipia."

Jebet alirudi kwa mzee, akachuchumaa mbele yake. Alimwambia ukweli wote, kwamba ni yeye aliyezima, kwamba hakuna aliyewakataa, kwamba mwenyekiti alisema lake lakini halikupitishwa na mtu. Alimwomba msamaha. Mzee alimwekea mkono kichwani, akauondoa.

"Na wale wengine nao nitawapigia," Jebet alisema. "Nitawaomba msamaha mmoja mmoja, kwa sauti yangu."

"Usifanye hivyo," mzee alisema haraka. "Utawafanya wajue kwamba walielewa vibaya, na hao ni watu wazima. Waambie lori linapita saa ngapi. Inatosha."

Ikawa hivyo. Fundi aliambiwa arudi wiki ijayo, na Jumamosi na Jumapili Jebet alikaa akiitazama Jioni ikivuka kidogo kidogo kwenda kwenye wingu, bado ikiwa imefungwa, bila neno lake la siri. Jumatatu saa kumi ilipiga simu zake kutoka huko mbali, na dereva wa lori alirudi siku iliyofuata akilalamika kwamba darajani Chepsaita kumejaa mikebe midogo midogo na amechelewa.

Siku chache baadaye Nangila aliita mlangoni.

"Jebet, mzee wako ako hapa. Anasema amekuja kusalimia."

Jebet aliacha alichokuwa akifanya. "Ameleta mahindi?"

"Hapana," Nangila alisema. "Leo ameleta maziwa."